Taa ya Namba Mbili

Watu wa siku hizi wakisikia kwamba nilikuwa opereta wa simu posta ya Sumbawanga, wanadhani kazi yangu ilikuwa kusema haloo na kuchezea waya. Nawaacha na ujinga wao. Lakini mtu akimtaja Albina kwa dharau, eti yule mama wa Kifipa aliyekuwa akipiga makofi kwenye simu, hapo Zaitun mimi sinyamazi. Kaa nikueleze. Nilikaa naye ubavuni tangu nilipotoka dukani kwa baba, kule Mazwi, nikiwa msichana mdomo mrefu, mpaka siku aliyostaafu.

Ni kweli alipiga makofi. Wafipa wakimsalimia mtu kwa heshima hupiga makofi taratibu, na Albina hakuona sababu ya kuacha eti kwa kuwa anayesalimiwa yuko Mbeya na hamwoni. Hedifoni kichwani, sweta la bluu limefungwa mpaka shingoni kwa baridi yetu ile, viganja viwili: pu, pu, pu. "Habari za huko, baba? Watoto hawajambo? Mvua imenyesha?" Mimi nauma meno. Wateja wamejaa kaunta, yeye anaulizia mvua ya Mbeya!

"Mama Albina, unganisha basi!"

"Zaitun mwanangu, mtu unamsukumia waya kabla hujajua kaamkaje? Ng'ombe huyo?"

Swichibodi ya zamani ilikuwa kabati la mbao lenye vibao vidogo vya chuma. Mwenye simu mjini akizungusha mkono wa simu yake, kibao chake kinaanguka, nasi tunachomeka plagi na kumuuliza anamtaka nani. Kwa simu za hapa mjini mambo yalikwenda. Shida ilikuwa simu za mbali. Kutoka Sumbawanga kwenda Tunduma hadi Mbeya kulikuwa na waya mmoja tu juu ya nguzo, na waya huo ulibeba mazungumzo ya watu wawili kwa wakati mmoja, basi. Wengine wote wangoje. Upepo wa Ufipa ukivuma, sauti inafifia, na Albina anaingia katikati kuwasaidia: anasikia upande huu, anayarudia maneno upande ule. "Anasema mbolea imefika. Anasema magunia yawahi." Mji mzima ulipita mdomoni mwake, na sikuwahi kumsikia akilitoa neno la mtu nje ya chumba kile. Hata mimi alininyima, nami napenda umbea, sikufichi.

Kulikuwa na jambo moja aliloling'ang'ania kuliko yote. Kwetu mtu hapewi habari ya kifo akiwa wima, wala akiwa peke yake. Kwanza ataambiwa mgonjwa amezidiwa. Atakaribishwa kukaa. Jirani ataingia, na mwingine ataingia, kisha mmoja wao ndiye atasema. Sasa simu haijui adabu hiyo. Simu inakupata umesimama kwenye kibanda pale posta, kibanda cha mbao kisicho hata na kigoda, maana wakubwa hawakutaka watu wakae humo wajisahau. Albina akipokea mtu wa mbali, zile salamu zake ndefu ndizo zilikuwa zikimwonyesha. Mtu mwenye msiba hajui kujibu habari za mvua. Sauti inakwama. Basi Albina alikuwa anamwambia, "Kata kwanza, baba, upige tena baadaye kidogo," kisha anamtuma Adolfu, tarishi wetu, apande baiskeli amtafute ndugu au jirani wa mhusika. Yeye mwenyewe hakusema kamwe kwamba fulani amekufa. Alisema hiyo si kazi yake. Kazi yake ni mtu awe ameketi na asiwe peke yake.

Lakini ilikuwa inamtesa, kwa sababu ukishamwambia mtu akate, waya ule mmoja unachukuliwa na mwingine. Kuna aliyekata akangojea mpaka jioni. Kuna ambao upepo uliangusha nguzo njiani, habari ikaja kwa lori, maziko yamekwisha. Siku kama hizo Albina alikuwa hali chakula chake. Ugali wake wa ulezi na dagaa wa Kabwe anaurudisha nyumbani Chanji kama ulivyokuja.

Halafu tukapewa mkoa. Rukwa ilikuwa bado changa, maofisa wakamiminika kutoka Mbeya na kwingine, kila ofisi inataka simu, kila bwana mkubwa anataka Dar es Salaam sasa hivi. Waya mmoja! Tulitukanwa sisi mpaka tukazoea. Ndipo siku moja lori la kaka yangu Saad likasimama mbele ya posta, limebeba makreti makubwa na kijana mmoja mwembamba amevaa suti ya kaunda. Alikuwa fundi mkuu wa mitambo, Mnyakyusa, jina lake Ndimyake. Saad akashuka akicheka, akaniambia, "Dada, nimekuletea mashine na mume." Nikamrushia kandambili.

Ndimyake alikuwa mtu wa adabu, sitamsingizia. Alimwamkia Albina shikamoo na akainama kabisa. Akafunga swichibodi mpya, na pembeni akasimamisha kabati la kijivu lililokuwa linavuma polepole mchana kutwa. Alipomaliza akatukalisha atufundishe.

"Waya wa kwenda Mbeya ni ule ule," akasema. "Hatukuongeza hata mmoja. Kabati hili ndilo linaugawa. Mazungumzo matatu yatapita humo kwa pamoja, kila moja kwa mlio wake, na kule Mbeya kabati jingine linayatenganisha. Kila anayeongea anajiona kama waya ni wake peke yake."

Albina akaweka mikono mapajani. "Baba, nguzo nimezipita leo asubuhi nikitoka Chanji. Waya ni huo mmoja. Hizo njia mbili nyingine ziko wapi?"

"Ziko ndani ya huo huo, mama."

"Kama nyumba moja yenye vyumba vitatu?"

"Hapo hapo."

"Na wa chumba hiki hamsikii wa chumba kile?"

"Hamsikii."

"Na nyumba ikianguka?"

Ndimyake akacheka mpaka akavua miwani. "Nyumba ikianguka, mama, wote watatu wanalala nje."

Jibu hilo Albina alilipenda. Mtu asiyekuficha ubovu wa kitu chake, alisema, huyo unaweza kumsikiliza. Ila njia ya pili na ya tatu hakuziamini. Aliziona kama vivuli. Simu ya mkuu wa mkoa namba moja, simu ya mgonjwa namba moja, na mtu mwenye porojo zake za biashara ndiye anapewa namba mbili. Namba moja ikawa inajaa foleni na nyingine zimelala. Nilimtania: "Mama Albina, umejengewa vyumba vitatu, wageni wote unawabananisha sebuleni!" Akaguna tu.

Mambo mengine mapya yalikuwa haya. Vibao vya kuanguka vimekwisha, sasa ni taa. Namba moja, mbili, tatu, inayopigiwa inawaka. Palikuwa na swichi ya kusubirisha: ukiibonyeza, mpigaji anabaki kwenye njia yake, taa yake inapepesa, wala hakatiki, na wewe unaendelea na wengine. Na palikuwa na swichi ya siri. Ukishaunganisha watu, unaifunga, na kuanzia hapo opereta hasikii neno. Hiyo ndiyo ilikuwa amri kubwa ya mashine mpya: salimu kwa ufupi, unganisha, funga, toka.

Kutoka ndiko kulikomshinda Albina. Aliunganisha vizuri tu, vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vyangu. Lakini kufunga ile swichi mkono ulikuwa unakataa. Kila Ndimyake akimchungulia, anamkuta amo kwenye laini, ameinamisha kichwa, anangoja kama watasikilizana.

"Mama, wanasikilizana. Sauti sasa ni safi. Toka."

"Nangoja kidogo, baba. Wakihitaji."

"Hawatahitaji. Hayo ni mambo yao."

Akamwambia mara nyingi, kwa upole, halafu upole ukapungua. Mwisho akatuita sote akasema kwamba mkataba wake unakwisha mwisho wa wiki, na hawezi kukabidhi mashine kwa mtu anayesikiliza mazungumzo ya watu, hata kama anasikiliza kwa huruma. Kutakuwa na mtihani. Yeye atasimama nyuma ya kiti asubuhi nzima. Opereta atakayebaki kwenye laini, atakayechelewesha simu, au atakayeacha kiti mtihani ukiendelea, atahamishiwa chumba cha vifurushi.

Mimi nilifanya wangu nikapita. Wa Albina ulibaki kwa kesho yake, na siku hiyo tulipokuwa tunatoka alisimama mlangoni akakitazama kiti chake muda mrefu. Kiti cha mbao tu, kimelalia upande mmoja. Kiti hicho ndicho kilichomsomeshea watoto baada ya mumewe kufariki.

"Vifurushi navyo ni kazi, mama," nikamwambia, nikijua nasema uongo.

"Kazi ni kazi, Zaitun. Mimi nawaza, nikiondoka hapa, nani atakuwa anawaketisha watu?"

Mimi nikibanwa huwa mkali. Nikamwambia basi kesho afunge hiyo swichi na asinitie presha.

Kesho yake alikuja amesuka nywele upya. Ndimyake akasimama nyuma yake, mikono mgongoni. Kulikuwa na jua na upepo kidogo. Simu zikaja, Albina akaunganisha, na kila mara mkono wake ulikwenda kwenye swichi ya siri, ukasita, ukafunga. Nilikuwa nahema naye. Makofi aliyapiga, lakini mafupi, kwa ncha za vidole. Nikasema moyoni, leo mama huyu anapita.

Taa ya namba mbili ikawaka.

"Sumbawanga. Habari za huko, baba?" Pu, pu. "Watoto hawajambo?"

Akaibana hedifoni sikioni. Niliona mgongo wake unanyooka. Akauliza kwa sauti ya chini, "Wewe ni nani wake, baba?" Akasikiliza. "Nimekuelewa. Usikate. Nasema usikate, nakuweka hapa hapa, utaona kimya lakini nipo." Akabonyeza swichi ya kusubirisha. Taa ya namba mbili ikaanza kupepesa.

Kisha akachomeka plagi ya mjini, akapigia duka la Hamidi, lililo ng'ambo ya barabara. "Hamidi, niitie Mama Sekela hapo kwenye vitambaa. Mwambie aje posta na khanga yake. Sasa hivi, baba." Akakata.

Mama Sekela alikuwa mfanyabiashara kutoka Mbeya, Mnyakyusa, na nyumbani kwake ndiko alikopanga Ndimyake. Nikamtazama Ndimyake. Alikuwa anaitazama taa.

"Mama, namba mbili inapepesa."

"Naiona, baba."

"Anamtaka nani?"

Albina akageukia taa nyingine. Akapokea namba moja, akaunganisha, akafunga. Akapokea namba tatu, akaunganisha, akafunga. Namba mbili inapepesa. Ndimyake akaanza kuhama mguu huu kwenda mguu ule.

"Mama Albina, mtu anangoja. Hili ndilo nililokuwa nalisema. Muunganishe."

"Bado kidogo."

"Umesahau swichi?"

"Sijasahau."

"Basi ngoja nikuonyeshe," akasema, akainama apitishe mkono juu ya bega lake. Na Albina, ambaye hakuwahi kumgusa mkubwa wa kazi hata kwa kidole, akamshika kiganja. Akakishika kabisa.

"Usiguse, mwanangu."

Jamani! Nilifumba macho. Nilijua yamekwisha, ni vifurushi tu sasa, na labda barua ya kufukuzwa juu yake. Ndimyake alisema kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, "Mama, unajua kwamba mtihani unakuponyoka?"

"Najua."

Mlango ukafunguliwa. Mama Sekela akaingia akihema, khanga amejifunga kiunoni. Hakumwamkia mtu. Alikuja akasimama karibu na Ndimyake, karibu sana, akatazama chini. Na mimi nikaona uso wa kijana yule ukibadilika. Na kwao nako ni hivyo hivyo. Mtu wa nyumbani hakufuati kazini na kusimama karibu nawe bila neno.

Albina akavua hedifoni. Akasimama. Akasogea kando ya kile kiti kilicholalia upande mmoja, kiti ambacho amri ya kijana huyo huyo ilisema ukiondoka umeshindwa, akakipangusa kwa upindo wa kitenge chake.

"Kaa kwanza, mwanangu," akasema. "Ni kaka yako Asajile. Anakungoja namba mbili."

Ndimyake akakaa. Albina akamvisha hedifoni polepole, akainua swichi ya kusubirisha, na taa ikatulia. "Baba," akasema karibu na kipaza sauti cha ile hedifoni, "ameketi. Na wa kwao yupo." Kisha mkono wake ukaenda kwenye swichi ya siri na safari hii haukusita. Akaifunga, akanishika mkono, tukatoka nje ya chumba, tukasimama kwenye veranda. Mlango aliurudisha nyuma yake.

Nilimuuliza, mimi na mdomo wangu, "Ni nani aliyefariki?"

"Sijui. Sikuuliza."

"Hukuuliza?"

"Nimeuliza wewe ni nani wake. Akasema kaka. Sauti yake ndiyo iliniambia yaliyobaki. Nani aliyefariki, hayo ni yao."

Tukamsikia kijana akilia, na Mama Sekela akimwongelesha Kinyakyusa. Kwa muda huo simu zote za Rukwa zilingoja, mkuu wa mkoa akiwemo, na hakuna aliyekufa kwa kungoja. Aliyefariki alikuwa mama yake Ndimyake. Saad alimpeleka Mbeya siku hiyo hiyo kwa lori, na alipotaka kulipa, Saad akamfokea.

Baada ya matanga Ndimyake alirudi kukabidhi mashine. Amekonda, kitambaa cheusi mkononi. Albina alikwisha kuhamisha kikombe chake na sweta lake, amevipeleka chumba cha vifurushi mwenyewe bila kuambiwa, na mimi nilikuwa nimenuna siku zote hizo, ukinigusa nauma. Ndimyake akamwita mbele ya mkubwa wa posta.

"Siku ile ulipofunga swichi, mama, ulibaki kwenye laini?"

"Sikubaki, baba. Nilitoka mpaka nje. Zaitun shahidi."

"Mimi mtihani wangu ulikuwa huo. Umepita."

Mkubwa wa posta akakohoa. "Lakini aliacha kiti."

"Hakikuwa kitupu," Ndimyake akasema. "Nilikikalia mimi."

Akavua miwani, akaifuta. Akamwambia Albina kwamba alipokuwa anaunda somo lile aliona swichi ya kusubirisha ni ya kupunguza foleni tu. Albina akapiga makofi taratibu, pu, pu, pu, akamwambia pole na safari na pole na msiba, na kwamba namba mbili sauti yake ni safi kama ya namba moja, amekubali. Tangu siku hiyo hakuita tena njia zile vivuli. Akarudisha sweta lake. Nilimbeba kikombe mimi mwenyewe, nikilia na kugomba kwa pamoja, sijui nilikuwa namgombeza nani.

Kabla hajaondoka, Ndimyake alikwenda kwa seremala Ignasi wa Chanji, akaagiza benchi. Si la kifahari, mbao za kawaida, la kutosha watu wawili. Akalipigilia misumari mwenyewe ndani ya kibanda cha simu, na mkubwa wa posta aliposema watu watakaa humo wajisahau, akamjibu kwamba ndiyo, watakaa.

Albina alikaa kwenye kiti chake mpaka nywele zote zikawa nyeupe. Mashine ile nayo ilizeeka, tukaletewa nyingine, akajifunza na hiyo.

Siku moja ya mvua, miaka kadhaa baadaye, tulikuwa tumekaa ubavu kwa ubavu kama kawaida, mimi nazungumza, yeye anafanya kazi. Taa ya namba mbili ikawaka. Akapokea. Akasalimu, akaulizia mvua ya Tunduma. Kisha akauliza jambo kwa sauti ya chini, akabonyeza swichi, taa ikaanza kupepesa. Saad alikuwa ameondoka na lori tangu juzi kwenda Tunduma. Albina alipigia duka la Hamidi kwanza, akaagiza mtu aje na khanga. Halafu akavua hedifoni yake na yangu, akanishika bega.

"Zaitun, mwanangu," akasema, "twende kule kwenye benchi."

Mimi, mwenye mdomo, sikuuliza kitu. Nilikwenda nikakaa.